Uzi Mweupe Katika Nchi ya Chai

Wenzangu wa chumba cha lesi, mliponiaga mlinipa blanketi na daftari tupu. Blanketi nilielewa maana yake. Kuhusu daftari ilibidi niulize, na mdogo wenu kuliko wote akanijibu mbele ya wageni: "Mwalimu, tuandikie vile ilianza, maana ukienda nayo hatutajua." Haya, naandika. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alipewa barua ya sifa ziko kwenye mafaili ya ofisi, na panya wakizila hatutapungukiwa na kitu. Mimi nitawaandikia habari za mikono.

Nilifika misheni mara ya kwanza miaka ya sitini, bendera ya nchi ikiwa bado mpya. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, nimemaliza darasa la saba, na nyumbani kwetu karibu na Kebirigo hapakuwa na mpango mwingine juu yangu isipokuwa kuolewa. Nilisikia kanisani kwamba Sista Godeliva anatafuta wasichana wa kufundisha kazi ya uzi. Nikadhani ni kufuma masweta. Nikavaa gauni langu la Jumapili, nikapanda kilima.

Sista Godeliva alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, anayevaa viatu vya kiume. Kiswahili chake alikisoma kitabuni kabla hajapanda meli, kwa hiyo kilikuwa kimenyooka kuliko chetu sote, na alikitumia kama anayelipia kila neno. Hakutaka kuona cheti changu. Alitoa soksi ndefu ya hariri, nzee, akaniambia niingize mkono ndani na kuutoa. Nilipoutoa, vidole vyangu vilinasa nyuzi kila mahali, maana vilikuwa vidole vya jembe na kuni.

"Rudi baada ya siku nane," akasema. "Paka samli asubuhi na jioni. Usishike jembe."

Nilipaka samli siku nane. Mbwa wetu alinipenda sana wiki hiyo. Siku ya tisa soksi ikateleza bila kunasa, nami nikapewa mto wa kufumia, karatasi iliyotobolewa mchoro na vijiti ishirini na vinne vya kuzungushia uzi.

Nyinyi mmekuta vifaa vyote vimepangwa kabatini, hamjui tulivyohangaika kuvipata. Mto wa kwanza tuliushona kwa gunia, tukaujaza nyasi kavu na kuzigonga kwa mchi hadi ukawa mgumu kama nyama ya shingo. Juu yake tulivika kitambaa cha buluu iliyokoza ili macho yasichoke kutazama uzi mweupe juu ya weupe. Vijiti Sista alivileta vichache kutoka kwao, vingine vikachongwa na seremala wa misheni kwa matawi ya mibuni iliyozeeka, kwa sababu mti wa kahawa ni mzito kwa umbo lake na hauna nyuzinyuzi. Pini zilikuwa za shaba tu. Pini za chuma zilizouzwa madukani mjini Kisii zilishika kutu kwa mvua zetu, na kutu ikiingia kwenye kitani haitoki.

Kazi yenyewe ina miondoko miwili. Unapisha kijiti cha kushoto juu ya cha kulia, unasokota cha kulia juu ya cha kushoto, basi. Unaweka pini kwenye tundu la karatasi, unavuta kidogo, unaendelea. Sista alinionyesha kwa dakika tano, nami nikafikiri kufikia Krismasi nitakuwa nimejua. Ilinichukua miaka minne kujua, na hata huo mwaka wa nne nilikuwa najidanganya.

Aliyenifundisha hasa ni Mama Bernadeta Moraa. Alikuwa mjane wa upande wa Itumbe, mwenye umri wa mama yangu, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kukaa kwenye mto katika misheni ile. Hakuwa mtu wa maelezo. Ukikosea alikugonga kifundo cha mkono kwa kijiti, polepole, akangoja utafute kosa mwenyewe. Utepe wangu wa kwanza, upana wa kidole kimoja, aliufumua mara tano. Mara ya tano nililia. Akaushika ule utepe akanionyesha mahali palipokaza na mahali palipolegea.

"Hapa ulikuwa umekasirika," akasema. "Hapa ulikuwa unafikiria chakula. Hapa, sijui. Labda kijana."

Nilikasirika zaidi kwa sababu yote matatu yalikuwa kweli.

Nilimpenda mama yule. Nasema mapema ili mjue nilikuwa nimesimama wapi mambo yalipoharibika baadaye. Aliniazima sweta lake miezi ya baridi. Alinifundisha kuloanisha kitambaa na kukitandaza chini ya mto wakati wa kiangazi, kwa sababu kitani kikikauka sana hukatika bila kuaga. Alinifundisha kanuni ya kazi, kutovuta uzi wa mtu unaoning'inia, maana yake kutosema kasoro ya mwenzako mbele ya mnunuzi. Na mwanamume mmoja mfanyabiashara alipoingia siku moja, akainua lesi juu ya mwanga na kuuliza kwa kejeli, "Kwani nyinyi mnauza matundu?" ni Mama Bernadeta aliyemjibu bila kuinua kichwa: "Matundu tunakupa bure, baba. Unalipia vile vilivyo katikati." Yule bwana alinunua mita mbili.

Tulikuwa na visa vyetu. Kuna mwaka panya walizaa ndani ya mto wa mwenzetu, na tulijua tu pale mto ulipoanza kutikisika wakati wa sala ya adhuhuri. Kuna katekista aliyetaka jina lake lifumwe kwenye kitambaa cha altare, herufi kubwa, upande unaoonekana na waumini. Sista alimwambia kwamba altare ina mwenyewe tayari. Kuna bibi harusi aliyeagiza shela zima wiki mbili kabla ya harusi, na alipoambiwa ni kazi ya miezi saba akauliza kama tungeweza kuanza kutoka upande wa uso na kuacha wa nyuma.

Sasa nifike kwenye chai, maana ndiyo iliyotaka kunitoa katika kazi hii.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini watu wa milima yetu walikuwa wanang'oa pareto na kupanda chai. Nilikuwa nimeolewa na Ombati, mwalimu aliyefundisha shule moja karibu na Nyamache na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Tulikuwa na watoto wawili. Ombati alipanda chai nusu eka mbele ya nyumba, akaandikisha jina, akarudi shuleni kwake. Kuchuma alituachia mimi na mama yake, Mama Yunuke.

Sista Godeliva alikuwa ametundika karatasi ukutani, juu ya sanduku la uzi: Mkono wa chai usiguse kitani. Alikuwa na sababu. Utomvu wa jani bichi la chai huingia kwenye nyufa ndogo za ngozi. Mkono unaonekana safi, uzi unaonekana mweupe, kumbe doa limelala ndani. Kisha lesi ikienda kwenye maji ya sabuni na magadi, kama tulivyofua lesi zote kabla ya kuzitoa, lile doa huamka. Karatasi haikuishia hapo. Mstari wa pili ulisema atakayeleta chai kwenye mto atarudisha vijiti vyake.

Kwa hiyo mgawanyo nyumbani ulikuwa kwamba Mama Yunuke anachuma, mimi napika, nalisha watoto na kukimbilia misheni. Mkwe wangu alikuwa Msabato wa kukaza kamba. Lesi aliiona ni mapambo ya dunia, na lesi ya mapadri aliiona ni mapambo ya dunia yenye dhambi juu yake. Lakini alichuma bila kunung'unika, kwa sababu alipenda kuona kikapu kinajaa.

Ndipo likaja agizo kubwa. Kijana wa parokia yetu alikuwa anapewa upadirisho, na parokia ikataka alba yake, ile kanzu ndefu nyeupe, iwe na ukingo wa lesi kutoka chumba chetu kuzunguka pindo lote. Sista alichora mzabibu unaotambaa. Aliugawa vipande vitano, wafumaji watano, miezi minne. Mimi nilipewa kipande cha mbele, kinachoonekana kuliko vyote. Mama Bernadeta alipewa cha kulia kwangu. Nilijivuna, sitaki kuwadanganya. Nilitembea barabarani nikitazama mapindo ya nguo za watu.

Mwezi wa tatu wa kazi hiyo mvua zilinyesha vizuri na chai ikachipua kwa pamoja. Wiki hiyohiyo Mama Yunuke aliteleza kwenye mtelemko wa kisima akaumia goti. Majani yakikomaa juu ya mti yanakuwa magumu, kituo cha kununulia majani hakiyapokei, na mti wenyewe unavurugika. Ombati yuko Nyamache. Nifanye nini? Nikaanza kuamka alfajiri, nachuma kikapu kimoja na nusu, nampa jirani anipelekee kituoni, kisha nasugua mikono yangu kwa sabuni ya mche hadi inawaka moto. Nilinusa vidole. Vilinuka sabuni tu. Nikakaa kwenye mto nikiwa na amani kabisa, na huo ndio upumbavu wenyewe, kwa sababu nilidhani usafi ni kile ninachokiona.

Siku ya kufua zilikuwa zimebaki siku kumi na sita kufikia upadirisho. Tulikuwa sote watano tumezunguka karai, Sista amekunja mikono ya kanzu yake hadi kwenye kiwiko. Alizamisha kipande cha kwanza, kikatoka cheupe. Cha pili kikatoka cheupe. Cha tatu kilikuwa changu. Alikigeuzageuza kwenye maji, akakiinua, na theluthi yake ya mwisho ilikuwa na rangi ya meno ya mvuta tumbaku.

Kila mfumaji alikuwa anafunga uzi wa rangi yake mwanzo wa kipande, na wangu wa kijani ulikuwa unaning'inia pale mbele ya macho ya wote.

"Kerubo," Sista akasema.

"Ni mimi, Sista. Nilichuma chai. Wiki nne."

"Ulisoma ile karatasi?"

"Niliisoma. Mama mkwe aliumia mguu."

Alikishika kipande juu ya karai, maji yakimdondoka kwenye viatu. Nilimtazama Mama Bernadeta nikitumaini atasema lolote, hata kunigonga kwa kijiti. Alikuwa anatazama ndani ya karai.

"Utakata sehemu iliyoharibika," Sista akasema mwishowe. "Utaifuma upya mwenyewe, kwa sababu hakuna mkono mwingine utakaolingana na mkono wako katika kipande hicho. Siku ya kumaliza, utanirudishia vijiti."

Nitaeleza kidogo kwa nini hakuwa na njia nyingine, maana siku hizi nawaona mkipokezana mito kama wabeba maji. Kila mkono una uzito wake. Mkivuta uzi watu wawili katika kipande kimoja, hata mkiwa dada wa tumbo moja, mshono utaonekana kanisa zima. Ile theluthi ilihitaji siku kumi na tano za kazi ya mchana kutwa. Nilikuwa nazo kumi na sita, Jumapili zikiwemo, na Sista Jumapili hakunipa. Ilibidi nifume kutoka kunapambazuka hadi mwanga unapokwisha. Na chai ilikuwa inachipua.

Nilifika nyumbani nikamweleza mkwe wangu. Nyumbani tulizungumza Ekegusii. Hapa namwandika kwa Kiswahili, na mtanisamehe kwamba makali yake yamepungua. Alikuwa amekaa mlangoni, goti limefungwa kwa majani, anachambua chinsaga.

"Kwa hiyo wanakufukuza," akasema.

"Nikimaliza."

"Kwa sababu ya chai yetu."

"Kwa sababu ya chai yetu, mama."

Aliendelea kuchambua mboga. Kisha akasema, "Hiyo nguo ya padri siipendi. Mungu hajali pindo la mtu. Lakini kitu kimoja sikipendi zaidi ya hicho, nacho ni mke wa mwanangu kutoka mahali akiwa ameinamisha kichwa kama aliyeiba kuku. Hutagusa chai. Nitaita risaga."

Nyinyi vijana mnaiona risaga kama hadithi, kwa hiyo niwaambie. Ni majirani kukusanyika kwenye shamba la mmoja na kulimaliza kwa siku moja. Hakuna malipo. Mwenye shamba anapika, na baadaye anakwenda kwa kila aliyemfanyia, zamu kwa zamu, hadi mikono yote iliyomsaidia imerudishiwa siku yake. Ukila risaga ya watu kisha ukakwepa yako, huko kijijini utaishi, lakini utaishi kama gogo.

Mara mbili katika siku zile kumi na sita walikuja wanawake sita wa kanisa la mkwe wangu, na vikapu mgongoni, wakachuma shamba letu lote. Niliwapita asubuhi nikielekea misheni. Waliimba nyimbo zao za Kisabato kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika, na mmoja akanipigia kelele: "Nenda, mama! Mfumie huyo padri wenu vizuri, sisi tunakuchumia!" Wakacheka wote. Nilicheka nami, kisha nikalia njiani, maana sikuwahi kufikiri kwamba Wasabato sita wangeinama juani ili Wakatoliki wapate lesi.

Nilifuma. Sijawahi kufuma vile tena. Karatasi ya matundu niliijua kwa moyo, na vijiti vilikuwa vinaongea vyenyewe, ile sauti kavu ya mti kwa mti ambayo mnaijua. Wenzangu walinipikia uji wakauweka mbali na mto. Mama Bernadeta alikaa mahali pake pa siku zote, kulia kwangu, na siku zile zote hakunisemesha neno zaidi ya salamu. "Bwakire," asubuhi, basi. Nilidhani ananionea aibu, kwa sababu mimi ndiye mwanafunzi wake. Iliniuma kuliko maneno ya Sista.

Siku ya kumi na tano nilichomoa pini ya mwisho. Nililaza ua jipya juu ya ua la zamani, nikashona kwa uzi mmoja mwembamba, nikakata mabaki. Tukafua. Kilitoka cheupe chote. Sista alivaa miwani, akatafuta mshono kwa kidole mara tatu, hakuupata, akaniuliza uko wapi. Nilimwonyesha. Akatikisa kichwa.

Wenzangu walikuwa wameacha kazi, wanasikiliza. Sista akavua miwani.

"Kerubo, sitaki kupoteza mkono huu," akasema. "Vijiti vyako utakaa navyo. Nataka tu uahidi hapa, mbele ya wenzako, kwamba hutachuma chai tena."

Kitu rahisi, sivyo? Neno moja tu, na ningerudi kukaa. Mama Yunuke goti lilikuwa limepona. Lakini nilikuwa nimekula jasho la wanawake sita, mara mbili. Nilikuwa nadaiwa siku kumi na mbili za risaga, na zote zilikuwa za kuchuma chai, kwa sababu huko kwetu wakati ule hapakuwa na shamba lingine la kufanya.

"Siwezi, Sista," nikasema.

"Huwezi?"

"Wanawake sita walinichumia ili mimi nifume. Lazima niwachumie. Nikiahidi hapa nitakuwa nimewadanganya wao, na nikichuma kwa siri nitakuwa nimekudanganya wewe tena."

Sijui kama alielewa. Alitoka kwenye nchi ambayo kila mtu huchuma chake. Akanyoosha mkono. Nilihesabu vijiti vyangu ishirini na vinne ndani ya kikapu, viwili viwili, kama tulivyofundishwa. Hapo pia nilimtazama Mama Bernadeta. Alikuwa ameinamia mto wake, na vijiti vyake vilikuwa vimenyamaza.

Upadirisho ulifanyika, nami nilikwenda. Nilisimama nyuma. Padri kijana alipopita, pindo lake lilipepea na mzabibu wote bila doa, nami nilijivuna na kuumia kwa pamoja. Kesho yake nilibeba kikapu nikaanza kulipa risaga.

Shamba la kwanza, la pili, la tatu. Nilichuma kwa hasira, lakini nilichuma sawasawa, majani mawili na kichipukizi. Wanawake wale wa Sabato walianza kunipenda, wakanifundisha nyimbo zao, na mmoja aliniuliza kama sasa nitaokoka. Nilimwambia kwanza nimalize shamba lake.

Siku ya nne tulikuwa kwenye shamba la mama mmoja mjane, lililo kando ya barabara ya misheni. Kabla ya saa sita nikaona mtu anateremka na kikapu mgongoni. Alikuwa Mama Bernadeta. Hakumwomba mtu ruhusa. Aliingia mstari wa pembeni yangu, akaanza kuchuma, na mikono yake ilikwenda kasi kuliko yangu. Nikasimama. Mtu ambaye hajawahi kuchuma chai hachumi vile.

"Ndiyo," akasema bila kunitazama. "Miaka mitatu."

"Miaka mitatu? Na mikono yako?"

"Ndimu. Unakamua ndimu mikononi kabla sabuni haijagusa ngozi, unasugua na unga wa mahindi, unasuuza na maji matupu. Sabuni ndiyo inapika doa. Ukianza na sabuni umekwisha."

Nikamgeukia. "Ulikuwa unajua. Ulikuwa umekaa hapo kulia kwangu, unajua, na hukuniambia. Hata siku ya karai."

"Sikujua kama unachuma. Ningejua ningekwambia. Lakini siku ya karai nilijua, na niliogopa." Alitia majani kikapuni. "Mimi sina mume mwalimu, Kerubo. Ningerudisha vijiti, watoto wangu wangekula nini? Nikanyamaza. Nikanyamaza tena siku ile ya ahadi. Usingizi umenikataa tangu hapo. Jana nimekwenda kwa Sista, nikamwambia yote. Nikamwonyesha mikono. Nimerudisha vijiti vyangu pia."

Nilikuwa na maneno makali tayari mdomoni. Nilitaka kumwambia kwamba nilimwona kama mama. Lakini alikuwa amekuja kuchuma mchana kweupe, kando ya barabara ya misheni, mahali ambapo yeyote anayepita angemwona. Nikainama, nikaendelea na mstari wangu. Tulichuma bega kwa bega hadi alasiri, na hasira yangu ilipungua kidogo kila tulipofika mwisho wa mstari na kugeuka.

Ilikuwa kama saa kumi gari la misheni liliposimama barabarani. Sista Godeliva alishuka na viatu vyake vya kiume, akaingia shambani, chai ikimfika kiunoni, wanawake wote wa Sabato wakaacha kuchuma wakimtazama. Alikuja moja kwa moja mpaka tulipo. Alichukua mkono wangu, akaugeuza. Akachukua wa Mama Bernadeta, akaugeuza. Vidole vyetu vilikuwa vya kahawia hadi kwenye kucha. Kisha akachuma jani moja, akalifikicha kwenye vidole vyake mwenyewe, akatazama unyevu wake kwa makini, kama anayekagua uzi.

"Nina mito miwili haina watu," akasema. "Ile karatasi nimeibandua. Sasa nahitaji mtu wa kunionyesha hiyo kazi ya ndimu kabla sijaandika nyingine."

"Sista, mimi bado nadaiwa siku nane," nikasema.

Alitazama shamba, akatazama wale wanawake na vikapu vyao. Nadhani alikuwa anahesabu agizo gani linamngojea, na padri gani, na Pasaka iko wapi.

"Basi siku ya tisa," akasema. "Saa mbili kamili."

Nilitaka kumjibu, lakini mwenye shamba alikuwa amechoka na mambo yetu. "Kerubo!" akapiga kelele kutoka juu. "Lori la majani linakuja, na mstari wako umebaki nusu!"

Nikaweka kikapu sawa mgongoni. Mama Bernadeta alikuwa ameshaanza nusu hiyo kutoka upande wa pili, nami nikaanzia upande huu, tukakutana katikati.